Nane Nane Mbeya (Mwakangale): jinsi ya kwenda kama mkulima na kurudi na majibu ya shamba lako

Habari zenu wadau wa kilimo. Kila mwaka ikifika mwisho wa mwezi wa saba majirani zangu huku Mbozi wananiuliza swali lile lile, mama Nane Nane mwaka huu tunaendaje, na mimi najibu vile vile kwamba kwenda ni rahisi, unapanda gari unashuka, kazi iko kwenye kurudi. Maana wengi tunarudi na mifuko ya vipeperushi, miwa na picha za ng'ombe mkubwa, afu mwezi wa kumi na moja mvua inaanza tunapanda mbegu ile ile kwa nafasi ile ile tunalia mavuno yale yale. Mimi nilifanya hivyo miaka mingi tu, ndo maana nimeona niandike hii yote kwa kirefu, mwenye nafasi asome kabla hajapanga safari.

Tuanze na tarehe. Maonesho haya ya wakulima yanaanza 1 Agosti yanaisha tarehe 8 ambayo ndo sikukuu yenyewe, siku ya wakulima. Kwa wadogo zangu ambao hawajui, zamani sikukuu ya wakulima ilikuwa Saba Saba, 7 Julai, ile siku TANU ilipozaliwa 1954, baadae wakulima tukahamishiwa 8 Agosti na Saba Saba ikabaki ya maonesho ya biashara pale Dar barabara ya Kilwa. Sasa ushauri wangu wa kwanza na ambao ukiushika huo tu umeshapata nusu ya faida: USIENDE TAREHE NANE. Nenda tarehe 3, 4 au 5, siku ya kazi, ufike saa mbili asubuhi. Tarehe 1 na 2 mabanda mengine bado wanapigilia misumari na kutandika makapeti. Tarehe 7 na 8 watu ni wengi mno, viongozi wanapita, mtaalam unayemtaka ameambiwa asimame mbele ya banda asubiri mgeni rasmi, wewe na jani lako la maharage utamwona saa ngapi? Na mwaka ambao kanda yetu ndo imepewa maonesho ya kitaifa, kama 2022 na 2023 zilivyofanyika hapa hapa Mwakangale, siku ya kilele rais anakuja na ulinzi unakuwa mkali, barabara zinafungwa, getini foleni. Mwaka huo wa 2022 ndo mama Samia alizindua ruzuku ya mbolea hapo uwanjani, mimi nilikuwepo, nilifurahi sana kwa kweli, lakini kwenye vipando, yale mashamba madogo ya mfano, siku hiyo sikujifunza kitu hata kimoja.

Uwanja wenyewe uko barabara kuu ile ya kwenda Uyole, kituo kinaitwa Nane Nane na stendi ya mabasi ya Nane Nane iko hapo, huwezi kupotea. Ukitokea Vwawa, Mlowo au Tunduma panda gari la Mbeya, ukifika mjini chukua daladala za Uyole umwambie konda nishushe Nane Nane. Wa Tukuyu na Kyela mnakuja kwa njia ya Uyole kwahiyo nyie mnafika hata kabla ya mjini. Wa Iringa, Njombe na Makambako pia mnaingilia Uyole. Jina la uwanja ni la mzee John Mwakangale, mwanasiasa wa TANU wa huku kwetu, ndo alimpokea Mandela alipopita Mbeya 1962, vijana wengi wanataja jina kila mwaka hawajui ni nani.

Vaa sweta au koti, nasisitiza. Mbeya iko mita kama 1,700 juu ya bahari na Agosti asubuhi ni baridi kwelikweli, alafu ikifika saa sita jua linachoma na vumbi linapanda, kwahiyo koti la kuvua, kofia, kitambaa cha pua na viatu vya kufunga. Chenji ndogo ndogo za getini, daladala na choo. Simu iwe imechajiwa full maana utapiga picha sana, na daftari, usitegemee kichwa, ukishapita banda la kumi lile la kwanza limefutika lote.

Sasa maandalizi ya nyumbani, hapa naomba mnisikilize vizuri.

Wiki moja kabla kaa na familia mjiulize shamba letu msimu uliopita lilitusumbua nini. Kitu kimoja, vikizidi viwili. Mahindi yalianguka? Viwavijeshi vamizi walimaliza? (hawa wadudu wameingia nchini 2017 na mpaka leo kuna watu wanapulizia sumu mchana jua kali wakati mdudu kajificha ndani katikati ya majani machanga ya mahindi.) Majani ya maharage yaligeuka njano? Kahawa inadondosha punje? Andika swali lako kwenye daftari ukurasa wa kwanza. Afu beba ushahidi. Kama ni udongo, zunguka shamba zigizaga, chimba sehemu 15 hivi, kila sehemu unachukua udongo kuanzia juu mpaka kina cha sentimita 20, usichukue penye kichuguu wala pale ulipomwaga samadi wala ulipochoma majani, changanya kwenye ndoo safi, toa mawe na mizizi, anika kivulini, beba kama kilo moja kwenye mfuko safi na uandike jina la kijiji, zao na mbolea uliyotumia. Mfuko uliokaa na mbolea usiutumie, utaharibu majibu. Kipimo cha mkononi cha kuangalia uchachu wa udongo ukikikuta pale unaweza kujibiwa hapo hapo, kipimo kamili kinaenda maabara unasubiri.

Kama ni mmea unaumwa beba mmea na mizizi yake, funga kwenye gazeti usifunge kwenye mfuko wa nailoni maana unatoa jasho unaoza kabla hujafika Mbalizi. Ila migomba yenye mnyauko naomba usibebe kabisa, hata jani. Ule ugonjwa unasambaa na ndugu zetu wa Rungwe wanaishi kwa ndizi, piga picha ya jani, picha ya tunda ulilokata katikati, picha ya shina ulilokata, zinatosha mtaalam kuona.

Nikwambie kwanini nasema mizizi. Mwaka mmoja nilipeleka majani ya maharage yangu, yamegeuka njano, nikasimama kwenye vipando vya TARI Uyole, wale watafiti wa kilimo, pale kwenye maharage, kuna mtaalam kijana tu sawa na mwanangu wa pili, akanisalimia shikamoo mama, akashika lile jani akaligeuza geuza akasema, "Mama umeniletea jani peke yake, mzizi uko wapi?" Nikamwambia mzizi wa nini, tatizo liko kwenye jani. Hakubishana na mimi. Akainama akang'oa mche mmoja wa maharage kwenye kipando chake, akaukung'uta udongo taratibu, kwenye mizizi kuna vinundu vidogo vidogo kama ulezi, akachukua kimoja akakipasua kwa kucha ya kidole gumba akanionesha, ndani kilikuwa chekundu cha pinki kama nyama ya kuku mbichi. Akasema mama hii rangi maana yake vile vijidudu vya humo ndani vinafanya kazi, vinachukua naitrojeni ya hewani vinampa mmea, ukienda shambani kwako ng'oa uangalie, ukikuta vyeupe au vya kijani au hakuna kabisa ujue maharage yako yanashinda njaa, na mara nyingi ni udongo mchachu au fosforasi hakuna. Msimu uliofuata maharage yalipoanza maua nikang'oa, vinundu vichache na ndani vyeupe. Miaka yote nilikuwa namwagia urea maharage nikidhani nayasaidia! Nimelima tangu niko binti, hakuna mtu aliwahi kunipasulia kinundu. Tangu siku hiyo ninapanda na mbolea yenye fosforasi na kwanza nilipima uchachu, na majani sasa ni ya kijani mpaka yanafunga.

Hiyo ndo Nane Nane ninayoisema mimi. Kwahiyo ukiingia getini pita mabanda, pita muziki, pita wauza vyombo, nyoosha moja kwa moja kwenye VIPANDO, asubuhi ile wataalam hawajachoka na watu ni wachache.

Kwenye vipando kuna kitu lazima ujue. Agosti huku kwetu ni kiangazi, mvua ziliisha mwezi wa nne wa tano, sasa yale mahindi ya kijani unayoyaona yamesimama pale yalipandwa kwa ratiba yaive au yapendeze wiki ya maonesho, yanamwagiliwa, yanapaliliwa, yanalindwa na watu wa mshahara. Kwahiyo usipigwe na uzuri ukadhani ukipeleka hiyo mbegu kwako inakuwa hivyo hivyo. Uliza maswali haya kwenye kila kipando unachokipenda: ilipandwa lini, imemwagiliwa mara ngapi, mbolea gani imewekwa ya kupandia na ya kukuzia, kiasi gani kwa ekari, nafasi ya mche na mche, inachukua siku ngapi kukomaa, na swali la muhimu kuliko yote, hii mbegu ni ya ukanda wa mita ngapi? Maana kanda yetu ni kubwa, Mbeya, Songwe, Rukwa, Katavi, Iringa, Njombe na Ruvuma wote tunakutana hapo, na hatufanani hata kidogo. Kyela kule ziwani ni kama mita 500 tu, joto, Makete na Kitulo ni baridi ya kufa mtu. Mahindi kama UH 6303 yaliyozaliwa Uyole ni ya nyanda za juu, ukiyapeleka Kyela usije ukamlaumu mtafiti. Na mtu wa Momba bondeni akichukua mbegu ya kukomaa miezi sita wakati mvua zake zinakatika mapema, hapo amepanda nyasi za ng'ombe.

Ukiwa kwenye mahindi pima nafasi kwa macho yako, beba hata kamba au futi. Mistari sentimita 75, shimo na shimo 30 kwa mbegu moja au 60 kwa mbegu mbili, hiyo inakupa mimea kama elfu 17 na ushee kwa ekari. Mimi nilienda kuhesabu kwangu nikakuta elfu kumi na kidogo, tulikuwa tunapanda kwa hatua za miguu, hatua ya mzee wangu ni ndefu, basi shamba lote lilikuwa na nafasi za kupitisha baiskeli. Kabla ya kununua mbolea ya ziada hesabu mimea kwanza.

Wenzangu wa kahawa, ulizieni TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa. Kituo chao kiko hapa hapa Mbimba Mbozi, ila kwenye maonesho mnawakuta wamekaa na muda wa kuongea. Ulizia miche chotara inayovumilia chulebuni (ugonjwa wa punje za kahawa) na kutu ya majani na muulize utaratibu wa kuagiza, miche inaagizwa mapema, sio unafika mwezi wa kwanza unataka miche elfu moja. Mifugo nako mchana, watu wa TALIRI (utafiti wa mifugo), wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, mbuzi, kuku, samaki. Ukiona Friesian mkubwa, yule ng'ombe wa maziwa wa kizungu, usiulize bei kwanza, uliza anakula nini kwa siku na kilo ngapi, ukisikia jibu utajua kama una uwezo naye au uanze na mtamba wa damu mchanganyiko. Na malisho mama, angalia vipando vya malisho vile vya matete na mengine, watu wanavipita kama magugu wakati ndo ng'ombe wenyewe hao.

Sasa kununua. Mbegu usinunue nje ya geti, naomba sana. Msimu mmoja nilikuwa na haraka ya gari nikanunua kilo kumi za mahindi kwa mtu amesimama barabarani na fulana ya kampuni na kikapu, pakiti nzuri inang'aa, bei kapunguza. Nusu haikuota. Ekari nzima nilirudishia mwezi wa kumi na mbili katikati na mvua zilishakwenda, mwaka huo tulinunua unga kuanzia mwezi wa nane. Hela niliyookoa getini haikufika hata debe moja. Kwahiyo nunua ndani kwenye banda la kampuni yenyewe au Wakala wa Mbegu, ASA, dai risiti, angalia tarehe kwenye pakiti, namba ya loti na ile stika ya kukwangua ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, ikwangue hapo hapo ufuate maelekezo yake kwa simu kabla hujatoka. TOSCI wenyewe huwa na banda, ukiwa na wasiwasi wapelekee pakiti.

Na uzuri wa kununua Agosti ni kwamba mvua bado miezi mitatu, una muda wa kujaribu. Hesabu punje 100, zipange kwenye kitambaa kibichi au mchanga, zilowe lakini zisiogelee, siku saba hesabu zilizoota. Zikifika 90 na kuendelea safi. Zikiwa 60 unarudi na risiti yako mapema, sio mwezi wa kumi na mbili unalia na mungu wako. Mbegu chotara kumbuka hairudiwi, yaani usipande tena punje ulizovuna, na pakiti isikae jikoni kwenye moshi na joto, iweke pakavu.

Mashine nako watu wanaumia. Pawatila (trekta dogo la kushika kwa mikono), mashine ya kukoboa, ya kukamua alizeti, pale SIDO (shirika la viwanda vidogo) na makampuni wanaziwasha zinanguruma vizuri, utatamani. Uliza spea zinapatikana wapi Mbeya mjini, fundi ni nani, dhamana ni miezi mingapi, inakula dizeli lita ngapi kwa saa, na omba namba ya mtu wa kijijini aliyeinunua mwaka jana umpigie. Muuzaji asiyekuwa na mteja hata mmoja wa kukupa namba mwache. Usilipe cash siku ile ile, lala kwanza.

Mbolea ya ruzuku, banda la TFRA, mamlaka ya mbolea, lipo, ukiwa na shida ya usajili, namba haisomi au ekari zimeandikwa sivyo, nenda na kitambulisho na simu yenye laini uliyosajilia, ukaulize. Marekebisho mengi wanakurudisha kwa mtendaji wa kijiji, lakini angalau unarudi unajua cha kumwambia.

Chakula kipo cha kutosha, mama lishe wako pembeni, wali maharage, ndizi nyama, parachichi za Rungwe bei nzuri. Watoto ukiwaleta wape mchana wao, waone ng'ombe na samaki, lakini asubuhi ya vipando njoo peke yako au na mwenzio mnayelima naye. Na hili naliongea kwa uchungu kidogo, wababa wengi wanakuja peke yao wakati anayepanda na kupalilia ni mama, afu anarudi anasimulia nusu. Njooni wote wawili.

Kwa wajasiriamali mnaotaka kuonesha bidhaa, unga lishe, asali, mvinyo, karanga za kusaga, njia rahisi ni kupitia halmashauri yako, ofisi ya kilimo au maendeleo ya jamii, kila halmashauri inakuwa na banda lake na inachagua watu wa kwenda nao, au kupitia SIDO. Anza kuulizia mwezi wa tano, ukienda Julai majina yameshapita. Lebo iwe imekaa vizuri na namba ya simu inayopatikana, na nenda na vipimo vidogo vidogo vya kuonja na kununua kwa buku, watu wa maonesho hawabebi ndoo ya lita ishirini ya asali kwenye daladala.

Kama hauko kanda yetu, viwanja viko sehemu nyingi nchini na maandalizi ni yale yale. Morogoro uwanja wa Mwalimu Julius Nyerere, hapo ni Morogoro, Pwani, Tanga na Dar, faida yake SUA, chuo kikuu cha kilimo, wako jirani na mpunga kama SARO 5 utauona vizuri. Arusha ni Themi kule Njiro kwa watu wa Kaskazini. Dodoma ni Nzuguni, karibu na stendi kuu, alizeti, mtama, zabibu, na ndo palifanyika kitaifa 2024 na 2025. Lindi ni Ngongo, wa korosho na ufuta msikose watafiti wa kituo cha Naliendele. Nyakabindi pale Bariadi ni pamba, Tabora Ipuli, Mwanza Nyamhongolo, Bukoba Kyakairabwa kwa watu wa migomba. Zanzibar wana ya kwao Dole, Kizimbani.

Mwisho kabla hujapanda gari la kurudi, kaa chini mahali fungua daftari ukurasa wa kwanza ule wenye swali lako, uone kama limejibiwa. Kama bado na saa ni kumi tu, rudi ndani. Namba za wataalam ulizochukua usiziandike "mtaalam 1, mtaalam 2", andika zao na mahali, mfano "maharage Uyole", na umpigie ndani ya wiki mbili akiwa bado anakukumbuka, mtumie picha. Mimi yule kijana wa maharage mpaka leo nikiona kitu shambani nampigia, ananijibu hata jumapili.

Na mbegu mpya uliyoipenda usiimwage shamba zima. Novemba mvua zikishika panda robo ekari tu, pembeni yake mbegu yako ya siku zote, siku hiyo hiyo, mbolea ile ile, nafasi ile ile, weka kijiti katikati. Vuna tofauti, pima kwa debe moja, andika kwenye lile lile daftari. Agosti inayofuata unaenda nalo, unamfungulia mtafiti ukurasa unamwonesha.